Hamu ya Tendo la Ndoa Ikipotea, Uliza Kwanza: Tangu Lini?

Jioni ukishuka kwenye kituo chochote kikubwa cha daladala Dar es Salaam, hukosi toroli la mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi. Hatua chache mbele yuko mwenye birika la alkasusu, na juu yao wote, kwenye nguzo ya umeme, karatasi iliyobandikwa kwa gundi: nguvu za kiume, mvuto wa mapenzi, kumrudisha mpenzi, piga namba hii. Pwani nzima kuna supu ya pweza. Magharibi mwa Kenya watu wanatafuna mukombero, na Uganda mzizi huohuo wanauita mulondo. Wauzaji hawa wote wana jibu tayari, na wanalitoa bila kumuuliza mteja hata jambo moja.

Hapo ndipo pesa inapopotea. Hamu iliyopungua mara nyingi ina chanzo kinachoweza kutafutwa kikapatikana: kidonge ulichoanza mwaka jana, kisukari ambacho hujakijua, maumivu unayoyaficha, usingizi wa kuibia, ugomvi usiokwisha. Makala haya ni kwa mtu mzima, mke au mume, aliyeona hamu yake imeshuka na hajui aanzie wapi. Ni pia kwa mwenzake, anayelala upande wa pili wa kitanda akidhani amechokwa.

Ni kipi hasa kimepungua?

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna kutaka. Kuna mwili kuitikia, yaani uume kusimama au uke kupata ute. Na kuna kufika kileleni. Mwanamume anaweza kuwa na hamu tele lakini jogoo hapandi mtungi. Mwingine anaamka kila alfajiri uume umesimama sawasawa, ila hana habari na mtu. Wa kwanza huenda mishipa yake ya damu ina kasoro, wa pili ndiye aliyepungukiwa hamu, na dawa ya mmoja si ya mwenzake. Sildenafil, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra tangu ilipoingia sokoni mwaka 1998, husaidia damu kujaa uumeni pale mtu anaposisimka. Haileti hamu. Asiyetaka akiimeza, atabaki hataki, na pengine kichwa kitamuuma.

Jambo la kuangalia baada ya hapo ni kama kweli pana tatizo. Hakuna idadi ya mara kwa wiki iliyopangwa kuwa ndiyo sahihi. Wapo wanandoa wa mara moja kwa mwezi walioridhika, na wapo wa kila siku wanaokwenda kwa mshenga kila Jumapili. Madaktari huliita tatizo pale hamu inaposhuka kuliko ulivyokuwa wewe mwenyewe zamani, hali ikadumu kama miezi 6, na ikawa inakuumiza moyo. Asiye na hamu na wala hana wasiwasi nayo si mgonjwa. Wapo watu wazima ambao tangu ujana hawavutwi na ngono, na hawadaiwi dawa yoyote. Na kama wewe watosheka mara moja kwa wiki na mwenzako anataka kila usiku, hiyo ni tofauti ya watu wawili, isigeuzwe kuwa maradhi ya mmoja.

Anayedhani yuko peke yake asikie hili. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kati ya mwaka 2010 na 2012 uliwauliza maelfu ya watu wa miaka 16 hadi 74. Miongoni mwa waliokuwa wakishiriki ngono, wanawake 34% na wanaume 15% walisema kuwa ndani ya mwaka mmoja walikosa hamu kwa miezi 3 au zaidi. Kwa wake na kwa waume, hali hiyo iliandamana na jambo moja ambalo halipimwi maabara: kuona ugumu wa kuzungumza na mwenzi kuhusu ngono.

Kuna somo jingine ambalo limewaokoa wengi walio kwenye ndoa ya miaka mingi. Mwaka 2000 daktari wa Kanada, Rosemary Basson, aliandika kwamba hamu haitangulii siku zote. Kwa watu wengi, hasa wanawake walioishi na mwenzi kwa muda mrefu, mtu huanza akiwa hana hili wala lile, ila yuko radhi kukaribiana. Mwili ukishikwa vizuri na akili ikitulia, hamu huja baadaye. Ni kama yule anayeketi mezani bila njaa, akionja tu, hamu ya kula ikamjia. Anayesubiri moto wa siku za uchumba uwake wenyewe anaweza kusubiri mwaka mzima akidhani ameharibika, kumbe yuko sawa kabisa. Ila somo hili lisije likageuzwa kisingizio cha kulazimisha. Kuwa radhi ni kuwa radhi. Anayesema hapana amesema hapana.

Swali la kujiuliza nyumbani

Chukua kalamu. Andika mwezi ambao, kwa kadiri unavyokumbuka, hamu ilianza kushuka. Kisha rudi nyuma miezi 3 kabla ya hapo. Ulianza dawa gani? Ulijifungua? Ulifiwa? Ulihamishiwa zamu ya usiku? Ulipunguzwa kazini? Uliona meseji kwenye simu ya mwenzako? Hamu iliyokatika ghafla mara nyingi ina tukio nyuma yake, na iliyofifia taratibu mwaka hadi mwaka huelekeza kwenye ugonjwa wa polepole, umri au uhusiano uliochakaa.

Jiulize pia: umepoteza hamu kwa kila kitu, au kwa mwenzako tu? Mwanamume anayevutwa na anachokiona mtaani, anayeamka na uume uliosimama, ila akigeuka kitandani hataki, homoni zake huenda hazina kosa. Tatizo liko kati yao wawili. Aliyepoteza hamu ya ngono pamoja na hamu ya chakula, ya mpira, ya kupiga soga na hata ya kwenda kanisani au msikitini, huyo apimwe sonona kabla ya kitu kingine. Sonona huua hamu kimyakimya, na mgonjwa mwenyewe aghalabu husema tu kwamba amechoka.

Angalia kwanza kabati la dawa

Ningekuwa na ruhusa ya kutoa ushauri mmoja tu, ungekuwa huu. Majina nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uyalinganishe na yako. Miongoni mwa dawa za presha, zinazolaumiwa zaidi ni atenolol, propranolol, methyldopa, spironolactone na zile za kukojoza kama hydrochlorothiazide. Za sonona ni fluoxetine, sertraline na amitriptyline. Za magonjwa ya akili ni haloperidol, chlorpromazine na risperidone, ambazo hupandisha homoni ya prolaktini, na prolaktini ikipanda hamu hushuka. Za kifafa ni phenobarbital, phenytoin na carbamazepine. Ongeza finasteride ya tezi dume, na metoclopramide ya kichefuchefu mtu anapoitumia kwa muda mrefu.

Si kila anayezimeza hupatwa, na wengi hawapatwi kabisa. Lakini kama tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya hamu kushuka zinafuatana, una la kumwambia daktari. La kumwambia daktari, narudia. Usiache mwenyewe. Atenolol ikikatishwa ghafla inaweza kumletea mgonjwa wa moyo shambulio la moyo, dawa ya kifafa ikikatishwa inaweza kuleta degedege lisilokoma, na presha isiyotibiwa huharibu mishipa ileile inayopeleka damu uumeni. Mara nyingi dawa ina mbadala. Kwa presha, amlodipine na losartan kwa kawaida hazigusi sana mambo ya unyumba, na kwa sonona mirtazapine huwa na afueni. Wakati mwingine kupunguza kipimo pekee kunatosha.

Kuna kidonge ambacho hakiandikwi kwenye kadi ya kliniki, nacho ni tramadol. Vijana wa bodaboda na madereva wa safari ndefu wanaimeza ili wasichoke, na wapo wanaume wanaoimeza ili wachelewe kufika kileleni. Ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Ukiizoea, testosteroni hushuka, hamu hufuata, na wewe unabaki mtumwa wa kidonge ulichokinunua ili uwe dume. Pombe nyingi hufanya vivyo hivyo, ingawa glasi ya kwanza hudanganya.

Magonjwa yanayojificha nyuma yake

Kisukari ndicho cha kwanza kupimwa, kwa sababu ni kipimo cha tone moja la damu na wengi hawajijui. Kwa mwanamume, kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu; uume ukigoma mara mbili tatu, aibu inaingia, na aibu ikikaa hamu inakimbia. Kwa mwanamke huleta fangasi wanaojirudia na ukavu. Mwanamume wa makamo ambaye uume umeanza kukataa apimwe na presha na mafuta ya damu pia, maana mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, na mara nyingi huonyesha kasoro miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika.

Upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke anayetoka hedhi nzito kwa sababu ya uvimbe wa kizazi, humwacha mtu hana nguvu ya kitu chochote. Tezi ya shingo inayofanya kazi polepole huleta uchovu, baridi, kunenepa na kukosa hamu kwa pamoja. Maradhi ya figo na ya ini, na VVU ambavyo havijaanza kutibiwa, nayo yamo. Anayeishi na VVU akitumia ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Nalitaja kwa sababu hofu ya kuambukiza ndiyo iliyozima vitanda vingi, kuliko virusi vyenyewe.

Kuhusu testosteroni, tangazo la nguzoni lingekuambia kila mwanamume zaidi ya miaka 40 ameishiwa. Si kweli. Hushuka kidogokidogo kadiri umri unavyosonga, na wengi hubaki na ya kutosha. Dalili tatu zikija pamoja ndipo inapofaa kushukiwa: hamu imeshuka, uume hausimami vizuri, na ule usimamaji wa alfajiri umepotea. Kipimo ni cha damu, na kichukuliwe asubuhi, kabla ya saa 4, kwa kuwa kwa kawaida jioni homoni hii hushuka. Kikija chini, kirudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinatumia mpaka wa nanogramu 300 kwa desilita. Aliyepima saa 10 jioni mara moja tu na akaandikiwa sindano, hakupimwa.

Usingizi nao umo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 10 wenye afya kwa muda wa saa 5 tu kila usiku kwa wiki moja. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa 10 hadi 15%. Mlinzi wa usiku anayeuza duka mchana ajipime hapo kabla ya kununua mzizi.

Kuna dalili zisizotaka subira: maziwa kutoka kwenye matiti ya asiyenyonyesha, mwanamke au mwanamume, au hedhi kukatika bila mimba, hasa pakiwa na kichwa kuuma na macho kushindwa kuona pembeni. Huo unaweza kuwa uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Upo, unapimika, na mara nyingi unatibika kwa vidonge.

Kwa mwanamke, anza na maumivu

Anayeumia kila mara hawezi kutamani kinachomuumiza. Hili ni wazi mno, lakini wanawake wengi wanapelekwa kwenye dua, kwenye udi na singo, kwenye semina za kumfurahisha mume, bila mtu kuuliza: unaumia? Maumivu yana sababu zake: maambukizi ya via vya uzazi, uvimbe, mshono wa kujifungua uliopona vibaya, misuli ya uke inayojikaza kwa hofu. Kanda ya Ziwa, Zanzibar na ukanda wa pwani tuna la kwetu zaidi, kichocho cha sehemu za siri. Mayai ya minyoo hukaa kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, yakaleta uchungu, uchafu na damu wakati wa tendo. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 Afrika wana hali hii, na wengi wamewahi kutibiwa kama wenye magonjwa ya zinaa, na ndoa zao zikalipa gharama ya tuhuma. Aliyekulia kwenye maji yenye konokono wa kichocho aulizie praziquantel. Na ikitoka damu yoyote baada ya tendo, mlango wa kizazi uchunguzwe, kwa sababu saratani nayo huweza kujionyesha hivyo.

Kuna maumivu ya kujitakia, na hapa nitasema bila kumung'unya maneno. Shabu, majani, unga na sabuni zinazoingizwa ukeni ili pakauke au pabane zinachubua. Mwili unapotoa ute ndipo unaposema uko tayari. Kuukausha ni kuufanya uchubuke kila mara, kisha kushangaa kwa nini hautaki tena. Michubuko hiyo pia hufungua mlango kwa VVU. Uke hauoshwi kwa ndani, wala hauhitaji.

Kwa waliokeketwa, ambao kwa takwimu za mwaka 2022 ni 8% ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania na 15% Kenya, hamu na raha havijafutwa, kama wengi wanavyoambiwa. Mishipa ya raha inaingia ndani zaidi ya kile kilichokatwa. Aliyeshonwa anaweza kufunguliwa hospitalini, na mwenye kovu linalouma anaweza kutibiwa. Kumbukumbu ya siku ile nayo inahitaji mtu wa kuizungumza naye.

Baada ya kujifungua, anayenyonyesha ana prolaktini juu na estrojeni chini. Uke hukauka, usingizi hakuna, na mwili mzima umeshikwa na mtoto tangu alfajiri. Kutotaka kuguswa tena usiku ni jambo la kawaida na hupita. Kukoma hedhi, ambako huja karibu na miaka 50, huleta ukavu unaoendelea, na hapo krimu ya estrojeni ya ukeni husaidia sana. Kilainishi cha maji cha dukani kinamfaa kila mwanamke mwenye ukavu. Mafuta ya nazi yanateleza vizuri, lakini yanaharibu kondomu za mpira, kwa hiyo asiyatumie anayejikinga kwa kondomu.

Sindano na vidonge vya uzazi wa mpango vinalalamikiwa sana. Ukweli ni kwamba wanawake wengi hawaoni tofauti, wachache hamu huongezeka, na wachache hushuka. Kama wewe ni wa kundi la mwisho, malalamiko yako ni halali, na kitanzi cha shaba hakina homoni. Badilisha njia, usiache njia. Hofu ya mimba nyingine ni muuaji mkubwa wa hamu kuliko sindano.

Chumba, pazia na mambo yasiyosemwa

Familia ya watu 5 imepanga chumba kimoja. Kitanda cha wakubwa kiko upande wa dirisha, pazia limekatiza katikati, watoto wako kwenye godoro chini. Mkubwa ana miaka 11 na halali upesi. Kitanda kikilia, mama anaganda. Baba amerudi saa 5 usiku, hajaoga, amekaa na simu, na leo mchana alimjibu mkewe vibaya mbele ya shemeji kuhusu pesa ya kodi. Sasa anamgusa begani. Mkewe akisema amechoka, tunaita kukosa hamu. Hakuna kidonge cha hilo. Lipo la kumpeleka mtoto kwa bibi yake Jumamosi moja, lipo la mchana watoto wakiwa shuleni, na lipo kubwa zaidi, la kuomba radhi kabla ya jua kuzama.

Pwani tuna makungwi na masomo, bara tuna kitchen party, na bibi harusi anafundwa mpaka usiku wa manane namna ya kumtunza mume. Bwana harusi anafundwa na nani? Na marafiki, na video za ngono, ambazo hazimfundishi kumuuliza mke anachopenda. Kwa maoni yangu hiki ni chanzo kikubwa cha wanawake kuishiwa hamu ndani ya miaka mitano ya ndoa: tendo lenyewe halijawahi kuwapa cha kutamani.

Kuna pia wanaoambiwa wana jini mahaba, hasa mwanamke anayeota akiingiliwa na anayemchukia mumewe akimkaribia. Sitabishana na imani ya mtu, na kisomo hakimdhuru aliyekitaka. Ila kuganda au kuchukia kuguswa kunaweza kuwa alama ya ubakaji au ya kuchezewa utotoni ambako hakukuwahi kusemwa, na huyo anahitaji mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili. Asomewe, na apelekwe.

Kinachotibu

Kuzungumza ndiko kwa kwanza, na wengi hawajui waanze vipi. Usianzie kitandani, wala usianze na lawama. Mkiwa mmetulia, sema: "Mume wangu, sijakuchoka. Tangu nijifungue naumia, na nimekuwa nikiogopa kukwambia." Au: "Mke wangu, mimi mwenyewe sielewi mwili wangu siku hizi. Naomba twende wote hospitali." Maneno kama hayo humwondolea mwenzako dhana kwamba kuna mchepuko.

Halafu kuna zoezi la kugusana ambalo Masters na Johnson wa Marekani walilichapisha mwaka 1970 na ambalo washauri wanalitumia mpaka leo. Kwa wiki mbili tendo lenyewe linapigwa marufuku. Mara mbili au tatu kwa wiki, kama nusu saa, simu nje ya chumba, mmoja anamgusa mwenzake mgongo, mikono, miguu, uso, kisha wanabadilishana. Matiti na sehemu za siri haziguswi. Anayeguswa ana kazi moja, kusema hapa sawa, hapa hapana. Baadaye sehemu hizo zinaongezwa, na tendo linarudi mwisho kabisa, wote wawili wakitaka. Linaonekana la kitoto. Linafanya kazi kwa sababu linaondoa mtihani: hakuna anayesubiri uume usimame, na hakuna anayeogopa kwamba kila busu ni deni.

Kwa mwanamume aliyethibitishwa kuwa na testosteroni ndogo, homoni hiyo husaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kwa wanaume wa miaka 65 na zaidi wenye kiwango cha chini ulionyesha hamu kuongezeka, kwa kiasi cha wastani. Lakini sindano ya testosteroni huzima utengenezaji wa mbegu. Anayetafuta mtoto asichomwe kabla ya kuongea na daktari, na wanaochomana gym wajue hilo.

Kwa mwanamke, Marekani iliidhinisha flibanserin mwaka 2015, kidonge cha kila usiku chenye faida ndogo na kinachoweza kumwangusha mtu akichanganya na pombe, na bremelanotide mwaka 2019, sindano inayowaletea kichefuchefu wanne katika kila kumi. Sioni sababu ya mtu kuhangaika kuziagiza. Testosteroni kwa dozi ndogo ilikubaliwa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi tu, baada ya sababu nyingine kuondolewa. Asije mtu akagawana sindano na mumewe: dozi ya mwanamume humwotesha mwanamke ndevu na kumkwaruza sauti, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Unga wa mtaani

Muhogo, karanga, nazi na pweza ni chakula, kuleni kwa raha zake. Mkuyati, vumbi la Kongo na vichupa visivyo na lebo ni habari nyingine. Mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimepima bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya nguvu za kiume zikakuta ndani yake sildenafil au ndugu zake, kwa kipimo kisichojulikana. Ndiyo sababu baadhi zinafanya kazi usiku uleule. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, kama vile vidonge vinavyowekwa chini ya ulimi kifua kikibana, akimeza unga huo presha inaweza kuporomoka akafa. Na uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala ni dharura ya hospitali usiku huohuo, hasa kwa mwenye selimundu; ukichelewa, misuli yake hufa na huenda usisimame tena.

Ukifika kituo cha afya

Huhitaji kuanza na daktari bingwa. Mwambie aliyeko zamu: "Daktari, nina shida ya unyumba, naomba tuongee faragha." Sentensi hiyo inatosha, na wameisikia mara nyingi. Ukimkuta anayecheka, omba mwingine. Vipimo vya kuanzia ni sukari, presha, wingi wa damu na mkojo. Tezi ya shingo, prolaktini na testosteroni huongezwa dalili zikielekeza huko. Mwanamke mwenye maumivu aombe kuchunguzwa ukeni, asikubali kuandikiwa dawa kwa maelezo tu. Beba karatasi yako ya tarehe, na utie kwenye mfuko mmoja kila unachomeza: vya kliniki, vya duka la dawa, vya mganga, na ile chupa uliyoificha juu ya kabati. Hicho cha mwisho ndicho anachotaka kukiona zaidi.